Darubini Haionyeshi Kitu: Kutafuta Tatizo Ukiwa Nairobi

Wengi wanaonunua darubini Nairobi huwa wameshaamua kufikia wiki ya pili kwamba ni mbovu. Wengine huirudisha dukani, wengine huisukuma nyuma ya kabati. Ichukue darubini hiyo hiyo, ipandishe paani usiku mkavu wa Januari, na mara nyingi itakuonyesha miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii bila taabu. Tatizo lilikuwa kwingine.

Kijitabu cha maelekezo kilichomo ndani ya boksi kimeandikiwa mtu anayeishi digrii 40 au 50 kaskazini mwa ikweta, mwenye Nyota ya Kaskazini juu ya paa lake. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Maelekezo mengi ya kule hayatufai hapa, na mengine yanatupotosha kabisa.

Kisha kuna mikono yetu. Mtu akikosa kuona kitu hukimbilia skrubu za kioo, na hizo ndizo za mwisho kuguswa. Anza na vifuniko na lenzi, nenda kwenye mahali ulipoisimamisha, kisha hewa, kisha jicho lako mwenyewe, na vioo viwe mwisho. Badilisha kitu kimoja, tazama, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua ni kipi kilichokuwa na kasoro.

Naona giza tupu

Kifuniko kikubwa cha mbele mara nyingi kina kifuniko kidogo katikati yake. Watu hutoa kile kidogo wakadhani wamefungua. Toa chote.

Kama ni wazi na bado giza, angalia lenzi ya jicho uliyoweka. Namba ndogo maana yake ni ukuzaji mkubwa, na ukuzaji mkubwa maana yake ni kipande kidogo mno cha anga. Kwa lenzi ya milimita 4 hata Mwezi unaweza kukupita pembeni usiujue. Anza na ya 20 au 25 kila mara, hata kama umezoea.

Bado? Basi kilengeo, ile darubini ndogo au kitaa chekundu kilichopachikwa ubavuni, hakiangalii pale darubini kubwa inapoangalia. Kilinganishe mchana. Aliye Karen, Rongai au Ngong atumie mitambo ya upepo ya Vilima vya Ngong. Aliye South B au Eastlands atumie ncha ya Times Tower. Weka kitu hicho katikati ya darubini kubwa, kaza, kisha zungusha skrubu za kilengeo mpaka nacho kikubaliane. Nguzo ya stima iliyo ng'ambo ya barabara haifai. Iko karibu mno, na kwa umbali huo zile nafasi chache kati ya kilengeo na darubini zinatosha kukudanganya. Hakikisha jua liko mgongoni kwako unapofanya hivi.

Kwa darubini ya lenzi, ile yenye lenzi kubwa mbele badala ya kioo, hakikisha pia umeweka kile kiwiko chenye kioo kabla ya lenzi ya jicho. Bila kiwiko, fokasi haifiki.

Naona duara kubwa lenye tundu jeusi katikati

Hii hupigwa picha na kutumwa kwa marafiki kama sayari mpya. Tundu lile ni kivuli cha kioo kidogo kilicho ndani ya bomba, na vile vijiti vinavyokivuka ni mikono inayokishikilia. Umeona darubini yako, hujaona anga. Zungusha kirungu cha fokasi polepole kuelekea upande ambao duara linapungua, usisimame mpaka liwe nukta. Kama kirungu kimefika mwisho na duara bado lipo, toa lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, ikiwa umeiweka, kisha vuta lenzi ya jicho nje kidogo na kuikaza hapo. Mara nyingi milimita chache tu ndizo zinazokosekana.

Nikiongeza ukuzaji picha inaharibika

Soma boksi. Kama limeandikwa "mara 525", umeuziwa hesabu. Darubini yenye kioo cha milimita 76 na urefu wa fokasi wa milimita 700, ukiiwekea lenzi ya milimita 4, inakuza mara 175, yaani 700 gawanya kwa 4; ongeza Barlow ya mara tatu, zinakuwa 525. Hesabu ni sahihi, picha ni uji. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi kama mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, kwa hiyo hiyo ya 76 hufika 150 usiku mzuri na hapo imemaliza. Lenzi ya milimita 20 inakupa mara 35, ya 10 inakupa mara 70. Fanya kazi kati ya hizo. Ile Barlow ya plastiki iache ndani ya boksi.

Mshtarii anachemka

Hapa ndipo paa za Nairobi zinapotuangusha. Zege lililopigwa na jua kutwa linaendelea kutoa joto masaa mengi baada ya giza kuingia, na hewa yenye joto ikipanda mbele ya darubini inakoroga picha. Matangi meusi ya maji yanafanya hivyo hivyo. Jiko la jirani kwenye balkoni ya chini yako ni balaa kuliko yote. Mabati hupoa haraka, kwa hiyo ukiwa na chaguo kati ya kutazama juu ya mabati na kutazama juu ya gorofa la zege, chagua mabati. Nyasi ni bora kuliko vyote viwili.

Darubini nayo ina joto lake. Ukiitoa sebuleni na kuanza kutazama papo hapo, hewa ndani ya bomba bado inazunguka. Kioo cha milimita 150 kinahitaji nusu saa au zaidi nje kabla ya kutulia. Cha 200 kipe saa nzima. Itoe unapoanza kupika chakula cha jioni.

Utajuaje ni kipi kati ya hivyo? Chukua nyota angavu, toa fokasi kidogo mpaka iwe duara, utulie uitazame. Mawimbi yakipita mfululizo kuelekea upande mmoja, hiyo ni hewa ya juu, huna la kufanya ila kusubiri au kwenda kulala. Ukiona moshi mwepesi unaopanda taratibu kutoka ukingo mmoja wa duara, hilo ni joto la bomba lako, litaisha lenyewe. Na kama kila kitu kinatibuka ovyo ukielekeza mjini lakini kinatulia ukielekeza juu, ni paa.

Tuna bahati moja ambayo watu wa Ulaya hawana: sayari kwetu hupita juu sana. Mtu wa London anaweza kuitazama Mshtarii ikiwa imeng'ang'ania juu ya mabomba ya nyumba. Sisi tukisubiri saa mbili tatu, inapanda hadi juu ya kichwa, ambako hewa ya kupenya ni nyembamba zaidi. Kwa hiyo usikate tamaa saa moja na nusu jioni.

Inatikisika kila nikiigusa

Fupisha miguu ya stendi, utazame ukiwa umeketi. Ning'iniza mtungi wa maji wa lita tano katikati ya stendi. Epuka kuisimamisha kwenye paa ambapo watu wanapita kuanua nguo, maana slabu nzima inatetemeka. Ukishazungusha fokasi, ondoa mkono na hesabu hadi tatu kabla ya kuhukumu.

Nyota inakimbia nje ya picha

Dunia inazunguka, hakuna kilichoharibika. Ila kwetu mbio hizo zinaonekana kuwa kali, kwa sababu nyota nyingi tunazozipenda ziko karibu na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, ambako kasi ni kubwa kuliko kokote: digrii 15 kwa saa. Ukiwa na ukuzaji wa mara 100 na lenzi ya kawaida, unaona kama nusu digrii ya anga, na nyota inaivuka kwa dakika mbili. Iweke ukingoni inakoingilia, iache ipite katikati, uisogeze tena.

Siwezi kutazama juu ya kichwa

Kwa wengi huu ni usumbufu mdogo. Kwa Nairobi ni tatizo kubwa, kwa sababu vitu bora vinapita hapo hapo utosini. Alnilam, nyota ya katikati ya mkanda wa Orioni, iko digrii 1 na dakika 12 kusini mwa ikweta ya anga. Linganisha na latitudo yetu. Mwishoni mwa Januari, karibu saa tatu na nusu usiku, nyota hiyo iko juu ya utosi wa Nairobi karibu bila kukosea.

Darubini ya Dobson, ile inayokaa kwenye sanduku la mbao linalozunguka, hukwama hapo. Bomba likisimama wima, kulisukuma kando hakuzungushi sanduku, kunalitikisa tu. Sukuma sanduku lenyewe kwa chini, si mdomo wa bomba. Kama bado ni gumu, fungua boliti ya katikati, kata vipande vyembamba vya plastiki ya mtungi wa maziwa uviweke kama washa chini yake, na upake nta ya samani kwenye nyuso zinazosuguana. La sivyo, subiri: kitu kilicho utosini saa tatu kitakuwa kimeshuka digrii 15 saa nne, na hapo kinashikika.

Darubini ndefu ya lenzi kwenye stendi ya kamera ina shida nyingine, sehemu yake ya nyuma inagonga mguu wa stendi kabla haijafika juu. Zungusha stendi mpaka bomba lipite katikati ya miguu miwili. Na kama kilengeo chako ni kile cha kitaa chekundu, kukitazama utosini kunakulazimu upige magoti. Lalia mkeka, hakuna dawa nyingine.

Stendi yenye uzito na mihimili miwili haieleweki

Hii ndiyo stendi inayokuja na darubini nyingi za bei ya kati, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua hamu ya watu wengi Nairobi. Mhimili wake mmoja unatakiwa uelekee ncha ya anga, pale ambapo anga yote huonekana kuzungukia, ili mkono mmoja tu ufuate nyota. Mtu wa Ulaya anauinua digrii 50 kuelekea Nyota ya Kaskazini na mambo yamekwisha. Nyota hiyo Nairobi haichomozi. Daima iko chini kidogo ya upeo. Ncha yetu ni ya kusini, nayo iko digrii moja na kitu tu juu ya ardhi, nyuma ya maghorofa na vumbi. Nyota hafifu iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, haifikii hata digrii tatu juu ya upeo. Sahau kuitafuta.

Kwa hiyo mhimili wako unatakiwa ulale karibu sambamba na ardhi, uelekee kusini. Stendi nyingi hazikutengenezwa kulala hivyo. Boliti inakwama kabla, au chuma cha uzito kinagonga mguu.

Ikikubali kushuka, kazi yenyewe ni rahisi kuliko ya Ulaya. Chukua pima maji ya fundi, uilaze juu ya mhimili, uushushe mpaka uwe karibu sawa, kisha uinue upande wa kusini kiasi cha kusogea nywele. Tafuta kusini kwa dira ukiwa mbali na gari na nondo za ukuta. Kwa kutazama kwa macho, usahihi huo unatosha. Ikigoma kushuka, mwambie seremala akutengenezee kabari ya mbao ya kuweka chini ya kichwa cha stendi, iwe pana na nzito, maana stendi iliyoinamishwa huanguka. Au fanya ninavyopendekeza mimi: kama stendi yako inaruhusu, inua mhimili mpaka usimame wima kabisa, utumie darubini kwa kuzungusha kushoto, kulia, juu na chini. Unapoteza kufuata nyota kwa mkono mmoja. Unapata usiku wa amani.

Mwenye mota akiona nyota inakimbia mara mbili zaidi ya ilivyokuwa bila mota, atafute swichi yenye herufi N na S. Kiwandani huachwa kwenye N. Isukume S.

Darubini ya kompyuta inaelekea ardhini

Mota hazijaharibika, imedanganywa. Pitia ulichoingiza: latitudo ni kusini, longitudo ni mashariki digrii 36 na dakika 49, saa za eneo ni jumlisha 3, na lile swali la saa za kiangazi jibu ni hapana, mwaka mzima. Tarehe kwenye mashine nyingi ni ya Kimarekani, mwezi kwanza. Ukiingiza tarehe 5 Machi kwa mtindo wetu, inaelewa 3 Mei na inatafuta anga ya miezi miwili mbele. Na saa ni ya saa 24. Saa mbili usiku ni 20:00. Anayeandika 2:00 anaiambia mashine ni usiku wa manane umepita.

Nyota mbili za kuanzia usizichukue utosini. Chagua zilizo kati ya digrii 30 na 70 juu ya upeo, upande tofauti wa anga.

Nyota haiwi nukta hata nikiweka fokasi

Kabla ya kulaumu kioo, fanya jaribio la kichwa. Tazama nyota angavu, halafu inamisha kichwa chako polepole kuelekea begani, jicho likiwa bado kwenye lenzi. Miale ikizunguka pamoja na kichwa, hiyo ni kasoro ya jicho lako. Vaa miwani yako, uone tofauti. Isipozunguka na kichwa, zungusha lenzi ya jicho ndani ya tundu lake. Miale ikifuata lenzi, lenzi ndiyo mbovu au chafu. Kama haifuati chochote, sasa una haki ya kuangalia vioo. Miale minne iliyonyooka yenye umbo la msalaba usiihesabu, hiyo inatokana na mikono ya kioo kidogo na itakuwapo daima. Nyota zenye pembe tatu, kwa upande mwingine, zinaonyesha vile vibano vitatu vya kioo kikubwa vimekazwa kupita kiasi. Vilegeze mpaka kipande cha karatasi nene kiweze kupita.

Kusawazisha vioo, kolimesheni, ni kwa darubini za kioo, na mara nyingi kunahitajika baada ya safari. Kilometa kumi za barabara mbovu kwenye buti la matatu zinatosha. Kijitabu kinasema utumie Nyota ya Kaskazini kwa sababu haisogei. Wewe tumia nyota yoyote ya mwanga wa wastani iliyo juu zaidi ya digrii 45, uwe radhi kuirudisha katikati kila dakika. Weka ukuzaji wa kama mara 100 na utoe fokasi kidogo sana, mpaka nyota iwe duara dogo lenye pete ndani ya pete. Tundu jeusi likiwa katikati ya pete hizo, vioo viko sawa. Funga mdomo, usiguse. Likiwa limeegemea upande mmoja, kazi ipo.

Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anabaki kwenye lenzi, mwingine anaenda nyuma ya bomba kwenye skrubu za kioo kikubwa. Legeza kwanza zile za kukazia. Anayezungusha azungushe moja tu, robo mzunguko. Nyota itasogea, anayetazama airudishe katikati, maana pembeni mwa picha nyota hupinda hata kwenye darubini nzuri. "Imekuwaje?" "Imezidi kuegemea." Basi rudisha, jaribu upande wa pili, au nenda skrubu inayofuata. Tundu likikaa katikati, kaza zile za kukazia kidogo kidogo ukitazama, kwa sababu nazo husogeza. Kioo kidogo cha mbele usikiguse kabisa ikiwa, ukichungulia kupitia kifuniko kilichotobolewa katikati badala ya lenzi, unaviona vibano vyote vitatu vya kioo kikubwa.

Si kasoro, ndivyo ilivyo

Picha iliyopinduliwa juu chini, au kulia kushoto, ni kawaida. Angani hakuna juu wala chini. Ukingo wa zambarau kuzunguka Mwezi au Zuhura ni tabia ya darubini za lenzi za bei nafuu. Mwezi mchanga kulala chali mithili ya ngalawa, tofauti na picha za kijitabu, ni kwa sababu uko ikweta. Mwezi mpevu hauonyeshi mashimo vizuri kwa kuwa hauna vivuli. Utazame ukiwa nusu, kwenye mpaka wa giza na mwanga.

Zohali isiyo na pete imewasumbua wengi. Tarehe 23 Machi 2025 Dunia ilivuka usawa wa pete hizo, nasi tukaanza kuziona kwa ubavu, nyembamba mno. Zinafunguka polepole mwaka hadi mwaka, na karibu na 2032 zitakuwa pana kabisa. Mirihi nayo huwa kidoti chekundu kwa muda mrefu. Hukua kila baada ya miezi kama 26, na zamu ijayo ni Februari 2027.

Msururu wa taa zinazofuatana kimya kimya baada ya jua kuzama ni setilaiti za Starlink. Utaulizwa na majirani, jibu liwe tayari.

Galaksi na nebula hazionekani

Anga la Nairobi limejaa taa, na zile taa ndefu za mulika mwizi mitaani ndizo adui mkuu. Chujio za "kuondoa mwanga wa mji" usinunue kwanza. Zilibuniwa kwa taa za zamani za manjano, ambazo mwanga wake unakaa kwenye rangi chache; taa nyeupe za LED zinamwaga rangi zote, na hakuna chujio linaloweza kuzitenganisha na mwanga wa galaksi. Kwa nebula chache, yale mawingu ya gesi angani, husaidia kiasi. Kipande cha kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa kinafanya kazi zaidi, na ni bure.

Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 za giza, na kutazama simu mara moja kunakurudisha mwanzo. Ukishazoea giza, usikitazame kitu hafifu moja kwa moja. Angalia pembeni yake kidogo, kitajitokeza. Na usitegemee rangi. Kitakuwa kiwingu cha kijivu, hata kwenye darubini ya bei ya pikipiki.

Mjini chagua vinavyostahimili: Mwezi, sayari, Kilimia, nebula ya Orioni, na nyota pacha. Alpha Centauri jioni za Mei inagawanyika vizuri katikati, hata kwa darubini ndogo, na mulika mwizi haimzuii mtu kuifurahia. Stima ikipotea mtaa mzima, wengine watatafuta mishumaa. Wewe kimbilia paani.

Ukitoka nje ya mji, nenda kusini, siyo kwa sababu ya umbali bali kwa sababu ya upande. Ukiwa barabara ya Magadi, mng'ao wa Nairobi unabaki kaskazini mashariki, na anga ya kusini inabaki nyeusi. Huko ndiko kuna Omega Centauri, kundi kubwa la nyota, inayofika digrii 44 juu ya upeo, na Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, ambayo hayapandi zaidi ya digrii 22 na hivyo yanamezwa kirahisi na taa. Juni hadi Agosti Nairobi hufunikwa na mawingu ya baridi usiku baada ya usiku, lakini bondeni mara nyingi huwa kweupe. Miezi yetu mizuri ni Januari na Februari, na zile saa baada ya mvua kubwa kuosha vumbi.

Ukungu, vumbi na nyuzi nyeupe kwenye lenzi

Picha ikififia polepole katikati ya usiku, mulika lenzi ya mbele kwa pembeni: ni umande. Usipanguse. Viringisha manila nyeusi au kipande cha mkeka wa mazoezi mbele ya bomba, kitokeze kama mara moja na nusu ya upana wake. Ukirudi nyumbani usifunge vifuniko kabla haijakauka, kisha hifadhi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Ukipuuza hili, kuvu itaota nyuzi kwenye lenzi, na hapo ni fundi wa kamera.

Vumbi jekundu kwenye kioo linatisha ukimulika kwa tochi lakini halipunguzi chochote cha maana. Kupangusa kwa leso ya miwani kunaacha mikwaruzo ambayo haitoki. Puliza kwa kipulizio cha mpira, basi.

Picha za simu zinatoka nyeupe

Simu inaona giza kuzunguka Mwezi na kuongeza mwanga. Gusa Mwezi kwenye skrini, shikilia mpaka ifunge, shusha mwanga kwa kidole, tumia kipima muda cha sekunde tatu ili usiitikise. Kishikio cha simu cha bei rahisi kinatosha.

Majirani wanalalamika

Bomba refu linaloelekea madirisha ya watu usiku lina maana moja tu kwa asiyejua. Mwambie keateka na mlinzi mapema. Mzee wa ghorofa ya tatu akija kuuliza, "Kijana, hicho kitu kinaangalia nyumba ya nani?", jibu zuri ni "Karibu mzee, angalia mwenyewe," ukiwa tayari umeielekeza kwenye Mwezi.

Jua

Hapa hakuna kujaribu kimoja kimoja. Zile chujio ndogo nyeusi za kuskrubu kwenye lenzi ya jicho, zilizoandikwa "jua", zitupe. Joto lote la jua linakusanyika hapo, kioo kinapasuka, na jicho haliponi. Chujio halali ni la kufunika mdomo wote wa mbele, na kilengeo kifunikwe pia. Nunua mapema: tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kutoka Moroko hadi Somalia kupitia Misri, na Nairobi tutaliona likimegwa sehemu.

Na kama kweli ni mbovu

Inatokea. Umeshafanya jaribio la kichwa, umesubiri ipoe, umesawazisha vioo, umetumia lenzi ya milimita 20, na Mwezi bado una ukungu: lenzi ni ya plastiki au kioo kimetengenezwa vibaya, na hakuna fundi atakayekisaidia. Usiweke pesa nyingine hapo. Darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi za mbele ni za milimita 50), hata ya mtumba, itakuonyesha zaidi, mradi ukiitazama nguzo ya mbali usione nguzo mbili na kichwa kisikuume baada ya dakika moja. Ukiwa na fedha zaidi, tafuta Dobson ya milimita 130 au 150. Muuzaji akikataa uijaribu nje ya duka kwa ncha ya jengo la mbali kabla ya kulipa, nenda kwa mwingine.